Zanzibar ilipopigwa mizinga, 27 Agosti 1896: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wanaijua asubuhi ile kwa jambo moja tu, dakika 38 ambazo manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ya mfalme wa Zanzibar. Huulizwa kwenye chemsha bongo, watu wakacheka, swali linalofuata likaulizwa. Kinachosahaulika ni kwamba dakika hizo ziliubadilisha uso wa Mji Mkongwe unaotazama bahari, na alama zake unaweza kuzionyesha kwa kidole mpaka leo. Hapa tumekusanya maswali ya wanafunzi, wageni na wenyeji wanaopita Mizingani, barabara ya pwani mbele ya kasri, kila siku bila kujua wanapita juu ya nini. Saa zote ni za Kiswahili.

Kilitokea nini, kwa kifupi?

Seyyid Hamad bin Thuwaini, mfalme wa Zanzibar tangu 1893, alifariki ghafla Jumanne tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri. Mambo yalikwenda mbio. Saa 8:30 mchana alikuwa ameshazikwa, na saa 9 mizinga ya kasri ikalia kumtangaza binamu yake, Khalid bin Barghash, kuwa mfalme mpya. Khalid alikuwa ameshaingia kasri na watu wake wenye silaha bila kungoja ruhusa ya mtu.

Basil Cave, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza, akamtaka atoke. Khalid akakataa. Barua na wajumbe wakaenda na kurudi. Tarehe 26 akafika Admirali Harry Rawson na manowari yake, St George, na Khalid akapewa sharti la mwisho: ashushe bendera na atoke kasri kabla ya saa 3 asubuhi ya Alhamisi. Asubuhi hiyo, saa 2:30, alijibu kwamba bendera hashushi na wala haamini kama Waingereza watampiga. Saa 3 ilipofika, bendera nyekundu ilikuwa bado inapepea.

Kwa nini Waingereza walimkataa Khalid? Si alikuwa mtoto wa Seyyid Barghash?

Alikuwa mtoto wa Barghash, mfalme wa zamani, na kwa watu wengi wa mjini hiyo ilitosha. Lakini tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na Waingereza walidai kwamba hakuna anayekaa kitini bila balozi wao kukubali. Mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed, mtu mzima, mpole kwao. Khalid alikuwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu, na hii haikuwa mara yake ya kwanza: mwaka 1893, alipofariki Seyyid Ali bin Said, alijaribu vilevile kuingia kasri akageuzwa.

Palikuwa pia na uvumi kwamba Khalid ndiye aliyempa Hamad sumu. Uvumi huo umeandikwa na kurudiwa mara nyingi, lakini haujathibitishwa hata siku moja, na ni vyema ubaki kuwa uvumi. Ulimfaa sana kila aliyetaka Khalid aonekane mnyang'anyi.

Je, raia walipewa onyo?

Walijua. Tarehe 26 mchana meli za biashara ziliamriwa zitoke bandarini ili zisikae katikati ya mizinga, na wanawake na watoto wa Kiingereza wakapandishwa St George na meli nyingine ya Kiingereza. Wenyeji waliokuwa karibu na kasri hawakuwa na manowari wala ubalozi wa kukimbilia. Balozi mdogo wa Marekani, Richard Mohun, aliandika kuhusu usiku ule kwamba ukimya wake ulitisha. Usiku wa kawaida wa Unguja ulikuwa na ngoma na vilio vya watoto wachanga, lakini usiku ule hakusikia chochote.

Zilikuwa dakika 38, 40 au 45?

Inategemea unaanza na kumaliza kuhesabu wapi. Amri ya kupiga ilitolewa saa 3 kamili na kombora la kwanza likatoka kama saa 3:02. Mizinga ilinyamaza kama saa 3:40, bendera ya kasri ilipoangushwa. Wengine wanamalizia saa 3:37, wengine saa 3:45. Dakika 38 ndizo zilizoshika kwenye vitabu vya rekodi kama vita vifupi kuliko vyote. Kwa maoni yetu ubishi huu umepewa muda mwingi kuliko unaostahili. Moto uliendelea kuwaka baada ya hapo, uporaji ulianza baada ya hapo, na bili ilikuja baada ya hapo.

Nani alikuwa na silaha gani?

Waingereza walikuwa na manowari tano mbele ya kasri: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Racoon, Thrush na Sparrow ndizo zilizoipiga kasri. Nchi kavu walikuwa na askari wa Kizanzibari waliobaki upande wa serikali ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa mfalme, wakiongozwa na Arthur Raikes. Hili watu hulipita haraka: kulikuwa na Wazanzibari pande zote mbili.

Khalid alikuwa na watu karibu 2,800, wakiwamo askari wa kasri, watumishi, watumwa na raia waliopewa bunduki. Alikuwa na bunduki kadhaa za rasharasha, mzinga wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili ya uwanjani aliyozawadiwa mfalme na Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani. Kombora la mwanzo kabisa la Thrush liliupiga mmoja wa mizinga ya kasri ukanyamaza papo hapo.

Majengo gani yaliharibiwa?

Hapa lazima kwanza uione kasri kama ilivyokuwa, kwa sababu haikuwa nyumba moja. Yalikuwa majumba matatu yamekaa safu moja yakitazama bahari. Beit al-Sahel lilikuwa la zamani zaidi, la enzi ya Seyyid Said bin Sultan. Beit al-Hukm lilikuwa makazi ya wanawake wa nyumba ya kifalme. Na Beit al-Ajaib, ambalo leo huitwa pia Jumba la Maajabu, lilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na fahari: nguzo za chuma, baraza pana pande zote, ghorofa juu ya ghorofa. Baadaye lilikuwa jengo la kwanza la Unguja kuwa na taa za umeme. Majumba hayo yaliunganishwa kwa madaraja ya juu yaliyofunikwa, ili wanawake wapite kutoka jumba moja hadi jingine bila kuonekana barabarani. Mbele yake, karibu na maji, ulisimama mnara mrefu wa taa wenye saa.

Manowari zilikuwa karibu mno kukosea. Kasri ilikuwa na mbao nyingi ndani, na watu wa Khalid walijikinga kwa masanduku, marobota ya bidhaa na mpira. Vitu hivyo huzuia risasi. Havizuii kombora linalopasuka. Moto ulishika upesi.

Beit al-Hukm liliangamizwa. Halikujengwa tena. Beit al-Sahel liliharibiwa vibaya, na kasri unayoiona leo mahali pake, ile nyeupe yenye makumbusho, ilijengwa baada ya vita. Madaraja yalikwenda na majumba yake. Mnara ulitobolewa vibaya. Picha zilizopigwa siku zile zinauonyesha umesimama na matundu, kuzunguka kwake ni vifusi na vyuma vilivyopinda, na ukiziangalia kwa makini utashangaa ulikuwa unashikiliwa na nini. Ilibidi uondolewe.

Kwa nini Beit al-Ajaib halikuanguka?

Lilikuwa pembeni mwa shabaha kuu, na lilijengwa kwa namna tofauti. Nyumba za kawaida za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zinashikwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kizamani ni virefu na vyembamba. Beit al-Ajaib lilikuwa na nguzo na vyuma vilivyoruhusu kumbi pana, na liliumia kidogo tu.

Mwaka 1897 lilifanyiwa ukarabati, na mnara mpya wa saa ukajengwa, mara hii ukibandikwa kwenye uso wa jumba lenyewe badala ya kusimama peke yake. Kwa hiyo ile sura maarufu ya Beit al-Ajaib kwenye kadi za posta, jumba lenye mnara katikati, ni matokeo ya mizinga ya 1896. Barghash hakuijenga hivyo. Seyyid Hamoud alikaa ghorofa ya juu ya jumba hilo, na mwaka 1911 likageuzwa kuwa ofisi za serikali ya Kiingereza.

Walikufa watu wangapi?

Hesabu inayotolewa ni kama 500, waliouawa na waliojeruhiwa kwa pamoja, wanaume na wanawake, upande wa kasri. Upande wa manowari alijeruhiwa mtu mmoja, baharia wa Thrush, naye akapona.

Waliokuwa ndani ya kasri wengi wao hawakuwa wanajeshi. Walikuwa wapishi, wabeba maji, watumwa wa nyumbani, vijana waliopewa bunduki siku moja kabla. Jina la kila manowari limehifadhiwa pamoja na idadi ya makombora yake: karibu 500, risasi za rasharasha 4,100 na za bunduki 1,000. Kwa upande wa pili tunabaki na namba moja ya jumla. Hiyo peke yake inaonyesha nani alikuwa akiandika.

Mji mzima ulipigwa?

Hapana. Shabaha ilikuwa kasri na vilivyokuwa mbele yake. Lakini moto hauna mpaka. Ulitoka kasri ukaingia mabanda ya forodha yaliyokuwa jirani, na ndani ya mabanda hayo mlikuwa na akiba kubwa ya baruti. Mabaharia wa St George na Philomel waliteremshwa kuuzima. Bahati nzuri baruti haikulipuka, la sivyo leo tungezungumzia mtaa mzima wa Forodhani kwa lugha nyingine.

Madhara mengine yalifanywa na watu kwa mikono yao. Mamlaka ilipoporomoka kwa saa chache, maduka ya mtaa wa Wahindi yaliporwa na watu kama 20 wakapoteza maisha katika fujo hizo. Askari 150 wa Kisikh waliletwa kutoka Mombasa kushika doria mitaani. Wahindi hawa wafanyabiashara hawakuwa na ugomvi na Khalid wala na admirali, na hasara yao huachwa nje kila hadithi hii inaposimuliwa kwa kuchekesha.

Meli iliyozama bandarini ilikuwa ipi?

Glasgow, meli ya mfalme, iliyotengenezwa mwaka 1878 kwa ajili ya Seyyid Barghash. Ilikuwa na mizinga midogo saba na bunduki moja ya rasharasha iliyotoka kwa Malkia Victoria kama zawadi. Dakika chache baada ya mapigano kuanza iliifyatulia St George, meli kubwa kuliko yenyewe mara kadhaa, ikajibiwa, ikaanza kuzama. Mabaharia wake waliinua ishara ya kusalimu amri wakaokolewa na mashua za Kiingereza. Vyombo viwili vidogo vya mvuke vilizama pia.

Maji ya pale si ya kina, hivyo milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza juu ya bahari, mbele ya mji, mwaka baada ya mwaka. Ilikuja kuvunjwa mwaka 1912. Hebu fikiria: mtoto aliyezaliwa mtaa wa Malindi, hapahapa mjini, mwaka 1896 alifikisha miaka 16 akiiona kila akenda pwani.

Khalid aliishia wapi?

Wapo wanaosema alikimbia kombora la kwanza lilipolia, wapo wanaosema alikaa zaidi. Alikofika hakuna ubishi: ubalozi mdogo wa Ujerumani, pamoja na wafuasi kama 40. Waingereza wakamtaka. Wajerumani wakasema mkataba wao wa kurudishiana wahalifu hauwagusi watu wa siasa. Wakaafikiana kwamba Khalid atapelekwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, lakini asikanyage ardhi ya Zanzibar akiwa njiani. Askari wa Mathews wakakaa nje mlangoni wakingoja akosee hatua.

Zaidi ya mwezi mmoja ulipita. Tarehe 2 Oktoba 1896, maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ilikuja mpaka kwenye lango la bustani ya ubalozi. Khalid akatoka langoni akaingia mashuani moja kwa moja, hakukanyaga mchanga, akapelekwa Dar es Salaam. Ukitaka kuelewa namna bahari na sheria zilivyofanya kazi pamoja pwani hii, soma tena aya hii moja.

Aliishi Dar es Salaam miaka 20. Waingereza walimkamata mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakamhamishia Shelisheli na St Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Nani alilipia uharibifu?

Walioshindwa. Wafuasi wa Khalid walitozwa gharama za makombora yaliyowapiga, pamoja na fidia ya mali iliyoporwa, jumla rupia 300,000. Umesoma sawasawa. Swali hili likiulizwa darasani wanafunzi hudhani wamesikia vibaya.

Ni kweli vita hivi ndivyo vilivyokomesha utumwa?

Si moja kwa moja. Seyyid Hamoud alitangazwa mfalme siku ileile ya mapigano, na Aprili 1897 akatoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mfalme aliyewekwa na mizinga hakuwa na nafasi ya kukataa. Lakini fidia walipewa mabwana waliopoteza watumwa, na mtumwa aliyetaka uhuru ilibidi aende mwenyewe kuudai. Wengi walibaki mashambani, kwa sababu nyumba na kipande cha kulima vilikuwa palepale kwa bwana. Kusema Waingereza walipiga kasri ili kuwakomboa watumwa ni kuigeuza hadithi. Walipiga kwa sababu ya kiti, na waliokuwa wakiungua ndani walikuwamo watumwa.

Mnara uliobomoka 2020 una uhusiano na vita hivi?

Una uhusiano. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka, pamoja na mnara wa saa, jengo likiwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Watu wawili walifariki. Mnara huo ndio ule uliojengwa 1897 kuchukua nafasi ya ule uliopigwa.

Tusikimbilie kusema mizinga ya 1896 ndiyo iliyoliangusha jumba mwaka 2020. Chumvi ya bahari, mvua inayopenya juu, chuma kinachokula kutu ndani kwa ndani na miaka mingi ya matunzo hafifu vinatosha kabisa. Dalili zilikuwapo: mwaka 2012 sehemu ya baraza ilikuwa imeshaanguka. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na orodha haizibi paa linalovuja.

Zanzibar ilipigwa tena baada ya hapo?

Bandari yake, ndiyo. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta meli ya Kiingereza Pegasus ikitengenezwa mitambo mbele ya mji, ikaipiga mpaka ikazama. Waliokufa walikuwa zaidi ya 30, na makaburi yao yapo kisiwa cha Chapwani. Lengo lilikuwa meli, mji haukuguswa kama 1896.

Mwishoni mwa mwaka huohuo manowari za Kiingereza ziliipiga Dar es Salaam na kuiharibu nyumba ya gavana wa Kijerumani. Ikulu ya leo ilijengwa juu ya mabaki yake mwaka 1922. Khalid alikuwa mkaazi wa mji huo wakati makombora yakidondoka, kwa hiyo aliyasikia tena, kutoka kwa wenyewe walewale.

Nikienda leo, nitaona nini?

Simama bustani ya Forodhani na uipe bahari mgongo. Beit al-Ajaib litakuwa mbele yako. Tembea kufuata Mizingani kuelekea Malindi, na kabla hujafika kasri nyeupe utapita mahali penye ukuta na miti, bila jumba. Wageni wengi hupiga picha kulia na kushoto, pale katikati wanapapita. Hapo ndipo lilipokuwa Beit al-Hukm.

Kasri nyeupe yenyewe ilikuwa makazi ya wafalme mpaka Mapinduzi ya Januari 1964, na makumbusho yalifunguliwa humo mwaka 1994. Kimo chumba kinachomhusu Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyeishi Beit al-Sahel lile la zamani alipokuwa mtoto. Pembeni yapo makaburi ya ukoo wa kifalme. Uliza kabla hujaenda kama makumbusho yamefunguliwa, maana majengo haya huingia kwenye matengenezo kila mara. Mwambie anayekuongoza akuonyeshe madaraja yalipita wapi. Akijua, umepata mtu wa kukutembeza mji mzima.